Jiwe lenye hadithi halipasuliwi kokoto

(Nilialikwa kuongea pale ufukweni mwa Ziwa Victoria, karibu na Capri Point jijini Mwanza, mbele ya vijana wanaotembeza wageni, wazee wa mtaa na akina mama wa samaki. Wengi wameniomba maneno, basi nimeyaandika hapa karibu yote kama nilivyoyasema.)

Mwangaluka wazee wangu, shikamooni. Akina mama nawasalimu, vijana mambo vipi. Nyie wa bodaboda mliosimama kule juu zimeni pikipiki mje karibu jamani, nafasi ipo tele, na mimi sina sauti ya kushindana na injini.

Mmeniambia niongee kuhusu mawe na masimulizi yake, na mahali mlipochagua panajieleza penyewe, Jiwe la Bismarck lile pale ndani ya maji kila mtu analiona. Niulize swali. Nani hapa hajawahi kupiga picha na lile jiwe? Hakuna. Haya, nani anaweza kusimama sasa hivi atusimulie jambo lolote kuhusu lile jiwe alilosimuliwa na babu yake au bibi yake, sio alilosoma kwenye simu, alilosimuliwa? Naona mikono miwili tu na yote ni ya wazee waliokaa kwenye viti vya mbele. Sisi wengine wote tuna picha. Mimi hilo linaniumiza na ndilo nimekuja kuliongelea.

Tuanze na huyu mwenye jina. Otto von Bismarck alikuwa chansela wa Ujerumani kuanzia 1871 mpaka 1890, na ndiye alikuwa mwenyeji wa ule mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ambapo wakubwa wa Ulaya walikaa mezani kupanga taratibu za kujigawia Afrika, na kwenye ile meza hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuwasemea watu wa huku. Sasa Mjerumani anakuja kuweka kituo chake hapa Mwanza mwaka 1892, na wakati huo mzee Bismarck alikuwa ameshatolewa kwenye kiti chake miaka miwili nyuma yuko zake kijijini. Hakuwahi kukanyaga Afrika, hili ziwa hakuwahi kuliona, sembuse jiwe. Na huyo Mjerumani naye hakukaa sana, mwaka 1916 Mwingereza akaingia akamtoa. Lakini jina limebaki, liko kwenye ramani, liko kwenye matangazo ya utalii, watoto wanaliandika kwenye daftari, na mgeni akishuka uwanja wa ndege jambo la kwanza anauliza Bismarck iko wapi.

Mimi sisemi tulifute, yaliyotokea yalitokea. Ila geuzeni shingo kidogo mtazame kisiwa kile pale, Saanane. Kile kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa anaishi pale pale kabla serikali haijakichukua kuweka bustani ya wanyama mwaka 1964, na kuanzia 2013 ni hifadhi ya taifa. Yaani ukisimama sehemu moja hapa Capri Point unaona mawe mawili, moja lina jina la mtu aliyepika ugali wake juu yake na lingine lina jina la mtu ambaye hakujua kama lipo. Na hili la pili ndio tumelifanya nembo ya mji. Wavuvi walikuwa wanapita pale na mitumbwi yao kabla huyo chansela hajazaliwa, wakiliona asubuhi na wakilitafuta kwa macho jioni wakirudi, na watu wanaotegemea jiwe kurudi nyumbani hawawezi kukosa la kusema juu yake.

Sasa watoto wanauliza swali ambalo sisi wakubwa tumeacha kuliuliza, hivi nani aliyabeba haya mawe akayapanga moja juu ya jingine vile, mbona lile la juu halianguki? Wapeni jibu la kweli, maana jibu la kweli lenyewe linashangaza kuliko uongo wowote. Hakuna aliyelibeba. Haya ni matale, wengine wanasema graniti, ni mwamba ulioyeyuka ukapoa taratibu chini kabisa ardhini, na huku kwetu umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Ukapata nyufa za kusimama na nyufa za kulala, maji ya mvua yakapenya humo, na maji yakikaa na udongo yanaila graniti polepole mpaka inakuwa mchanga, na kona ndio zinaliwa haraka kwa sababu zinashambuliwa pande mbili tatu kwa mpigo, ndio maana bonge la pembe nne linaishia kuwa duara. Yote hayo yanatokea likiwa bado limefunikwa na ardhi. Halafu miaka na miaka mvua inaosha ule mchanga unakwenda zake, yanabaki mabonge, moja juu ya jingine, palepale yalipokuwa tangu mwanzo. Lile la juu halikupandishwa, ni vilivyokuwa pembeni yake ndio vilishuka. Na bado kazi inaendelea, pitisha mkono kwenye jiwe lolote la Isamilo au Bugando utaona linabambuka ganda kwa ganda kama kitunguu.

Halafu kuna jambo moja nalipenda sana. Ziwa ni mtoto mdogo mbele ya haya mawe. Ziwa letu linakadiriwa kuwa na miaka laki nne hivi, na sio kirefu kama watu wanavyodhani, kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu, na wataalamu waliochimbua tope la chini yake wamekuta kwamba liliwahi kukauka likabaki majani, maji yakaja kurudi miaka kama 15,000 iliyopita. Kwa hiyo kuna kipindi Bismarck lilikuwa kilima cha kawaida porini na mtu angeweza kutoka hapa akatembea kwa mguu kwenda kisiwa cha Ukerewe bila kulowa. Wazee wenye umri wanakumbuka wenyewe maji ya mwanzoni mwa miaka ya 60 yalivyopanda zaidi ya mita mbili yakala mashamba ya watu, na 2020 sote tuliona yalivyotufuata mpaka kwenye vibaraza. Jiwe lipo tu, maji yanakuja yanaondoka.

Nimeongea jiolojia makusudi, kwa sababu kuna vijana wanadhani ukishajua sayansi ya jiwe basi hadithi ya bibi imekufa, na kuna wazee wanaona ukileta sayansi umeleta dharau. Mimi naona vinakaa pamoja bila shida yoyote. Sayansi inakuambia jiwe lilifikaje hapo lilipo, hadithi inakuambia watu wa hapo waliishije nalo.

Twende ng'ambo Kenya kidogo. Ukitoka Kisumu mjini ukashika njia ya Bondo, karibu kilometa 30 hivi, upande wa Seme, kuna rundo la mawe makubwa yamesimama wima yanaitwa Kit Mikayi, jiwe la mke mkubwa. Ni mawe ya namna hii hii ya kwetu. Wajaluo wa pale wanasimulia kwamba palikuwa na mzee mmoja anaitwa Ngeso, na mzee huyo alilipenda lile jiwe mapenzi ya ajabu, kila akiamka asubuhi anaingia kwenye pango lake anashinda humo kutwa nzima. Mkewe akawa hana jinsi, chai anamtilia anampelekea, chakula cha mchana anampelekea, na watu wakimpita njiani wakamuuliza mama, mzee yuko wapi, anawajibu yuko kwa mke wake mkubwa. Fikirieni yule mama na kikapu chake kichwani. Mimi hii hadithi kila nikiisikia nafikiri juu yake yeye zaidi ya mzee, kwamba alipata neno moja likabeba wivu wake na uchovu wake na bado likachekesha watu, na neno lake ndilo lililobaki kuwa jina la mahali mpaka leo, la kwake yeye mwanamke wa kijijini, sio la chansela.

Na hawaishii hapo, wanakuonyesha hili ndilo mikayi, mke mkubwa, lile nyachira, wa pili, lile reru, wa tatu, yaani mawe yamekaa kama boma la Mjaluo lilivyokaa, na mtoto anajifunza mpangilio wa nyumba yao kwa kutazama mawe. Akina mama wa pale wanapokea wageni kwa nyimbo wanapata riziki yao. Waumini wa kanisa la Legio Maria wanapanda kule kufunga na kusali. Niambieni, nani atapeleka nyundo pale? Nani atapaka tangazo la vocha kwenye mwili wa mikayi? Halindwi na ukuta yule, ukuta ungeshabomolewa zamani. Analindwa na yule mama na kikapu.

Na huku kwetu tusijione maskini. Kule kisiwa cha Ukara, ng'ambo ya Ukerewe, kuna jiwe linalocheza, Watanzania wengi wamelisikia na wachache wamefika. Unapanda meli mpaka Nansio, unakatisha kisiwa kizima mpaka Bugolora, unavuka tena. Ni njia ile ile ya MV Nyerere, kivuko kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018, na najua humu ndani kuna waliopoteza ndugu siku ile, poleni sana jamani, sitaki nipite hapo kana kwamba ni njia tu. Basi ukifika, wenyeji wanakuambia jiwe haliendewi kienyeji, kuna heshima zake, linaombwa na linaimbiwa, ndipo linacheza. Mtu mmoja akifika na haraka zake anasukuma, haoni kitu, anarudi anasema uongo.

Mawe ya kucheza yapo sehemu nyingine duniani, jiwe zito likikaa juu ya jingine kwenye nukta ndogo tu na uzito ukagawanyika vizuri, mkono wa mtu unaweza kulitikisa. Nawapa kisa cha kweli. Kule Cornwall, Uingereza, juu ya jabali la baharini karibu na kijiji cha Treen, lipo jiwe la hivyo, Logan Rock, la graniti, watu wa kule wanajivunia nalo tangu enzi na enzi. Mwaka 1824 luteni mmoja wa jeshi la majini, Hugh Goldsmith, akapanda na mabaharia wake na mitaimbo kuonyesha kwamba hakuna jiwe litakalowashinda, wakalisukuma likatoka mahali pake. Wanakijiji wakawaka. Hawakuwa matajiri wale, lakini walipiga kelele mpaka zikafika makao makuu ya jeshi la majini na luteni akalazimika kulirudisha, ikabidi waletwe mitambo na minyororo na watu wengi, mwaka haujaisha jiwe limerudi juu. Likarudi kweli, ila wanasema halitikisiki tena kirahisi kama zamani. Na kule Tandil, Argentina, walikuwa nalo lao likitikisika ukingoni mwa kilima, tarehe 29 Februari 1912 likaanguka likavunjika vipande, na mji ule haukutulia mpaka 2007 walipoweka nakala yake pale pale juu. Miaka 95 watu wanalikumbuka jiwe! Sasa nauliza la kwetu likipata ajali leo, ukiacha picha, tutakuwa tumepoteza nini ambacho tunaweza kukisema kwa mdomo?

Niseme na la nyumbani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jiwe nyuma ya nyumba, bapa, pana, mchana tunaanikia juu yake dagaa na mihogo. Jua likishaanza kuzama alikuwa hataki kabisa kuona mtoto amekaa pale. Alisema jiwe lina wenyewe na saa hiyo wenyewe wanarudi. Akisema hivyo tunashuka mbio. Nimekuja kukaa na maofisa wa wanyamapori wakaniambia graniti inakunywa joto la jua kutwa nzima na inalitoa taratibu usiku, ndio maana jioni nyoka wanapanda mawe kuotea joto, na pembeni mwa mawe ndiko kuna pimbi, na penye pimbi chatu hayuko mbali. Bibi hakuwa na hayo maneno lakini hakuna mjukuu wake hata mmoja aliyegongwa na nyoka pale. Na ile sentensi yake ilifanya kazi ya pili, jiwe lenyewe liliheshimiwa, halikuguswa, na mpaka leo liko zima wakati majirani zake wote wameshakuwa misingi ya nyumba.

Hapo ndipo penye moyo wa maneno yangu leo. Tuseme ukweli kuhusu kokoto. Mnajua inavyofanyika, mnapanda kule milimani mnaona. Yanatafutwa matairi chakavu na magogo, yanawashwa kwenye ubavu wa jiwe, moshi mweusi unafunika mtaa mzima, moto unakaa mpaka jiwe linachemka, wengine wanamwagia maji ya baridi, linatoa mlio mmoja mkavu na ganda zima linabanduka. Hapo inakuja nyundo kubwa ya vijana. Halafu vipande vinashuka kwa mama, amekaa chini miguu ameinyoosha, ameshika ukanda wa mpira wa tairi amezungushia jiwe lisimrukie machoni, anagonga, anagonga, mtoto mgongoni, mpaka rundo linafika ndoo, na ndoo mpaka zinafika tripu ya lori. Simlaumu hata kidogo. Ile ndoo ni ada ya mtoto, na mimi ninayeongea hapa ninalala kwenye nyumba yenye zege, kokoto zake zilitoka kwenye mikono kama ile.

Ila angalieni yanayopasuliwa ni yapi. Kila mara ni yale yasiyo na neno. Jiwe ambalo hakuna anayejua liliitwaje, hakuna anayejua nani alifanyia tambiko la mvua pale, hakuna mwiko, hakuna kisa, hilo ni mali ya mwenye nyundo wa kwanza. Na likishaondoka lile dogo la chini lililokuwa linazuia kubwa la juu, mvua za masika zikija tunajua kinachotokea kwa nyumba zilizo chini yake, mji huu umeshazika watu kwa sababu hiyo. Serikali za mitaa zinaweza kuweka mabango na ziweke, lakini sijaona bango lenye nguvu kama bibi. Wasukuma wa zamani, Wakerewe, Wazinza, Wajita, walikuwa na orodha kamili ya mawe yasiyoguswa, na ile orodha ilikuwa kwenye hadithi. Hadithi ikisahaulika, jiwe linaingia sokoni.

Kwa vijana mnaotembeza wageni nina ombi zito kidogo na naomba mnivumilie. Msitunge. Najua mgeni akiuliza lile jiwe lina siri gani, mkono unawasha, unaona hapa nikimpa kisa cha jini au cha mfalme na binti yake nitapata kitu. Akiondoka kile kisa kinaingia kwenye mtandao, mwaka ujao mgeni mwingine anakuja kukusimulia wewe, na mtoto wa hapa Kirumba anakisoma anadhani ndio urithi wake. Cha uongo kinakaa kwenye kiti cha kile cha kweli, na mzee mwenye cha kweli anakaa kimya maana haulizwi tena. Mgeni mwambie ukweli, mwambie nani alikuwa Bismarck na kwamba hakufika, mwambie jiwe lina umri mkubwa kuliko ziwa, mwonyeshe yule mjusi wa bluu mwenye kichwa chekundu anavyopiga pushapu juu ya jiwe, mwambie habari ya Kit Mikayi na ya Ukara. Atakuwa na mengi ya kwenda nayo. Na ukitaka hadithi za Kisukuma zenyewe nenda makumbusho ya Bujora pale Kisesa, nenda wakati wa sikukuu ya Bulabo ukaone Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya wacheza ngoma, wanavyoshindana, kaa na wazee wa pale uulize habari za Masala Kulangwa, kijana aliyeliua zimwi Shing'weng'we lililomeza watu wote akabaki mama yake peke yake na yeye tumboni. Hiyo imepita midomo mingi kuifikia ya kwako, ina uzito wake.

Kwa hiyo naomba kazi ianze wiki hii, na sio kazi ya fedha. Simu zenu zote zina rekoda. Nendeni kwa wazee wenu, na usiende na swali la nipe hadithi, mzee atakuangalia tu. Panda naye pale kwenye jiwe kama miguu inamruhusu, au mwonyeshe picha yake, muulize hili mlikuwa mnaliitaje, nani alikuwa na shamba chini yake, mlikatazwa nini hapa, nani alikuwa anaruhusiwa kupanda na nani haruhusiwi, mara ya mwisho watu walikuja kuomba mvua hapa ilikuwa enzi ya nani. Mwache aongee Kisukuma chake, Kikerewe chake, Kijita chake, usimkatize umlete kwenye Kiswahili, tafsiri itafanywa baadaye na watu wametulia. Akisahau subiri, chai iwepo. Mwanzoni mwa rekodi taja jina lake kama ameridhia, kijiji, na tarehe, maana rekodi isiyo na hivyo baada ya miaka kumi ni sauti tu. Wazee wawili wakitofautiana usiwapatanishe, andika zote mbili. Na akifika mahali akakuambia hapa mjukuu wangu zima hiyo simu, hii sehemu ni ya ukoo, zima, na usije ukaisimulia hata kwa rafiki yako.

Nyie wazee wawili mlionyoosha mikono, kipaza sauti ni chenu sasa, na vijana rekoda zifunguliwe kama wakikubali. Wabeja sana.